Amri mbili ndani ya sekunde kumi: kisa cha Philando Castile

Wakufunzi wa silaha Marekani huwapa wanafunzi wao nasaha zinazofanana: ukisimamishwa na polisi huku una bastola, tulia, ongea kwa adabu, usifiche kitu. Philando Castile, dereva mweusi wa Minnesota, alitulia, aliongea kwa adabu na hakuficha kitu. Kama sekunde kumi baada ya kusema kwamba ana silaha, risasi saba zilikuwa zimefyatuliwa ndani ya gari lake, na tano kati ya hizo zilikuwa zimempata.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kisa cha ubaguzi wa rangi, na sioni namna ya kukisimulia bila rangi kutajwa. Lakini kina upande mwingine ambao watu huupita haraka, upande wa kazi yenyewe ya barabarani: askari anafanya nini, na kwa mpangilio gani, pale dereva anapomwambia kwamba amebeba silaha na anaibeba kihalali. Kwa maoni yangu kosa kubwa la usiku ule lilianza dakika kadhaa kabla bastola haijatajwa, na sheria iliyotumika kumhukumu askari haikuwa na macho ya kutazama huko nyuma.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumatano, tarehe 6 Julai 2016, saa tatu na dakika chache usiku, ingawa kwa kiangazi cha Minnesota giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Castile, mwenye umri wa miaka 32, alikuwa msimamizi wa kantini katika shule ya J.J. Hill mjini Saint Paul. Alikuwa mwajiriwa wa shule za mji huo tangu mwaka 2002, na wenzake walieleza kwamba aliwajua watoto kwa majina na alijua yupi hatakiwi kupewa chakula gani. Alikuwa anaendesha Oldsmobile nyeupe ya mwaka 1997 katika barabara ya Larpenteur, kitongoji cha Falcon Heights. Pembeni yake alikaa mpenzi wake, Diamond Reynolds. Nyuma alikaa binti wa Reynolds, mtoto wa miaka minne.

Askari Jeronimo Yanez wa polisi ya St. Anthony aliliona gari likipita. Akamwita mwenzake kwa redio na kumwambia atalisimamisha ili akague vitambulisho, maana waliomo walifanana na watu waliohusika katika uporaji. Dereva hasa, alisema, alifanana na mmoja wa washukiwa, kwa sababu ya pua yake pana. Siku chache nyuma duka moja la jirani lilikuwa limeporwa kwa mtutu wa bunduki, na picha za waporaji zilikuwa zimesambazwa kwa askari. Castile hakuhusika na uporaji huo.

Pua pana! Kwa kigezo hicho ungeweza kusimamisha nusu ya wanaume weusi wa Saint Paul na bado ukasema uko kazini.

Na Castile hakuwa mgeni wa kusimamishwa. Waandishi wa redio ya NPR walipopitia kumbukumbu zake za trafiki walikuta alisimamishwa angalau mara 46 katika maisha yake ya udereva, na faini zake kwa jumla zilizidi dola 6,000. Kati ya mara zote hizo, ni sita tu ambazo kosa lilikuwa la aina ambayo askari angeweza kuliona akiwa nje ya gari, kama vile mwendo kasi au bomba la moshi bovu. Mtu aliyesimamishwa mara nyingi kiasi hicho anajua desturi zote: anajua ataombwa nini, anajua karatasi ipi inatangulia, anajua aongee kwa sauti gani. Nalirudia jambo hili kwa sababu baadaye mahakamani ilisemwa kwamba hakujua kufuata maelekezo.

Gari moja, ukaguzi wa aina mbili

Yanez alipofika dirishani alimsalimia dereva, dereva akamjibu na kumjulia hali. Kisha akamweleza kwa nini amemsimamisha: taa za breki hazifanyi kazi, ni moja tu inayowaka. Akaomba leseni na bima. Kuhusu uporaji hakusema neno.

Kisheria hakukosea. Mwaka 1996, katika kesi ya Whren, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba maadamu kuna kosa halisi la barabarani, hata dogo, nia ya ndani ya askari haihesabiki. Anaweza kukusimamisha kwa taa huku anatafuta bangi, silaha, au sura inayofanana na ya kwenye picha. Polisi wa Marekani wamezoea njia hiyo, na wapo wanaoitetea kwa moyo wote kwamba ndiyo inayokamata wahalifu.

Tatizo ni kwamba njia hiyo huzaa ukaguzi wa aina mbili juu ya gari moja. Castile alikuwa kwenye ukaguzi wa taa ya breki, ambao humalizika kwa onyo au karatasi ya faini, na ambao dereva muungwana huusaidia uishe haraka kwa kutoa nyaraka mapema. Yanez alikuwa kwenye ukaguzi wa mshukiwa wa uporaji wa kutumia silaha, ambao kila mkono unaoshuka chini ya usukani ni habari nyingine kabisa. Mmoja kati yao alijua aina zote mbili. Mwingine hakuwa na njia ya kujua.

Polisi hao hao wana utaratibu maalumu kwa gari linaloshukiwa kubeba mhalifu mwenye silaha. Askari hasogei dirishani. Anasubiri wenzake, anabaki nyuma ya gari lake, anatoa amri kwa kipaza sauti: zima injini, toa funguo nje, onyesha mikono, fungua mlango kwa kitasa cha nje, shuka, rudi kinyumenyume kuelekea sauti yangu. Ni utaratibu wa kudhalilisha, na ungefanyiwa mtu asiye na hatia mbele ya mtoto. Lakini una sifa moja: kila mtu anajua yuko katika hali gani, na hakuna anayeombwa kuingiza mkono mfukoni. Kama Yanez aliamini kweli alichosema kwenye redio, huo ndio uliokuwa utaratibu wake. Kama hakuamini kiasi hicho, basi alikuwa na dereva mwenye taa mbovu, na angemtendea hivyo.

Alichofanya ni kuchanganya. Alikwenda dirishani na tabia ya askari wa taa za breki na moyo wa askari anayemkabili jambazi. Askari mwenzake aliyekuja kumsaidia, Joseph Kauser, alisimama upande wa abiria. Ukiitazama video ya kamera ya gari la polisi unamwona Kauser amesimama bila wasiwasi wowote, hadi milio ya risasi ilipomrudisha nyuma. Mahakamani alieleza kwamba hakuiona bastola, ingawa hakumtupia lawama mwenzake.

Sekunde kumi

Hapa inabidi kwenda polepole, maana kesi nzima iko hapa.

Castile anatoa kadi ya bima kwanza. Yanez anaitazama kidogo na kuichomeka mfukoni mwake. Imebaki leseni. Castile anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Afande, sina budi kukwambia kwamba nimebeba silaha." Kabla hajamaliza, Yanez anaitikia "Sawa," na mkono wake wa kulia unakwenda kwenye bastola yake kiunoni. "Basi usiifuate." Castile anaanza kueleza kwamba alikuwa anafuata kitu kingine. "Usiitoe." Castile anajibu kwamba haitoi. Reynolds naye anasema haitoi. "Usiitoe!" Na papo hapo risasi saba.

Maneno ya mwisho ya Castile yaliyosikika yalikuwa kwamba hakuwa anaifuata.

Tazama kilichoagizwa na kisichoagizwa. Amri ya kwanza ilikuwa: toa leseni. Haikufutwa wakati wowote. Amri ya pili, iliyorudiwa kwa sauti inayopanda, ilihusu silaha tu: usiifuate, usiitoe. Kwa dereva ambaye hakuwa anafuata silaha, amri ya pili haipingani na ya kwanza. Anaweza kuzitii zote kwa wakati mmoja: haitoi bastola, anatoa leseni. Ndivyo alivyokuwa anajaribu kueleza. Kwa askari, ambaye sasa anauona mkono uleule ukielekea nyongani na hana habari bastola iko mfuko gani, dereva anakaidi mara tatu mfululizo. Wote wawili wanasikia maneno yale yale, na kila mmoja ana sababu ya kuamini kwamba ameeleweka.

Kilichokosekana ni amri ya kutenda. "Weka mikono kwenye usukani." Maneno manne, yanayoeleweka na mtu aliyechanganyikiwa, yanayomwambia la kufanya, na yanayompa askari kipimo cha wazi cha utii, maana mikono ama iko kwenye usukani ama haiko. Amri ya kukataza haina kipimo hicho. Mkono ambao tayari umeshuka, ukiambiwa usichukue kitu, unaweza kuganda hapo ulipo, na hapo ulipo ndipo penye bastola. Au unaweza kuondolewa haraka, na kuondolewa haraka kunafanana na kuchomoa. Kwa kweli sijui Castile angefanya nini katika sekunde zile kikamuokoa.

Lilikuwepo pia swali jepesi: iko wapi? Yanez hakuuliza. Dakika chache baadaye, akizungumza na mkubwa wake pale pale barabarani, kinasa sauti kilimnasa akisema hakujua bastola ilikuwa wapi na kwamba Castile hakumwambia. Mbele ya mahakama, miezi kumi na moja baadaye, alisema aliiona. Upande wa mashtaka uliishikilia tofauti hiyo kwa nguvu, na ulikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Hatua nyingine ilikuwa imeruhusiwa kwa miaka karibu arobaini. Katika kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms ya mwaka 1977, Mahakama Kuu ilisema askari anaweza kumwamuru dereva ashuke kwenye gari lililosimamishwa kihalali, bila kuhitaji sababu ya ziada. Kesi yenyewe ilianza na gari lenye namba zilizopitwa na wakati. Dereva aliposhuka, askari wakaona uvimbe chini ya koti lake, nao ulikuwa bastola. Hakuna aliyepigwa risasi. Ruhusa hiyo hutumiwa vibaya mno, lakini usiku wa Larpenteur ilikuwa na kazi halali: mikono kwenye usukani, mwenzangu akutazame kutoka upande ule, ufungue mlango taratibu.

Baada ya risasi, Reynolds alifungua simu na kurusha moja kwa moja kupitia Facebook. Watu wengi wanakumbuka damu kwenye fulana nyeupe na utulivu wake usio wa kawaida. Mimi nakumbuka zaidi mabishano mafupi kati yake na askari. Yanez anapiga kelele kwamba alimkataza asiifuate. Reynolds anamjibu: "Wewe mwenyewe umemwambia atoe kitambulisho, afande, leseni yake." Zile amri mbili ziko hapo, zimesemwa na mwanamke aliyekaa nusu mita kutoka kwa mtu anayekufa, kwa usahihi ambao mawakili walitumia wiki kadhaa kuutafuta.

Castile alitangazwa kufa hospitalini saa tatu na dakika 37. Bastola yake ilikutwa katika mfuko wa mbele wa kulia wa suruali yake fupi. Magazini ilikuwa na risasi, ila hakuna iliyokuwa imepandishwa chemba. Kibali chake cha kubeba silaha, kilichotolewa mwaka 2015 na ofisi ya sherifu wa kaunti ya Hennepin, kilikuwa ndani ya pochi yake.

Sheria haikumtaka aseme

Watu wengi hudhani Castile alitimiza wajibu wa kisheria alipotaja silaha. Hapana. Sheria ya Minnesota ya kubeba silaha, inayotokana na mageuzi ya mwaka 2003, inamtaka mwenye kibali aonyeshe kadi yake na kusema kama amebeba silaha pale tu askari anapomuuliza. Yanez hakuuliza. Castile alisema kwa hiari, kwa nia ambayo ni vigumu kuitafsiri kwa namna nyingine yoyote: hakutaka askari ashtuke akiiona.

Majimbo hayafanani katika hili, na dereva anayevuka mpaka anabadilishiwa wajibu bila kujua. Michigan na North Carolina zinamtaka aliyebeba silaha iliyofichwa aseme mwenyewe anapokabiliwa na askari. Ohio ilikuwa hivyo hadi mwaka 2022, ilipogeuza na kuwa lazima kujibu ukiulizwa tu. Kwingine huna wajibu wa kusema chochote. Yote haya ni sheria juu ya dereva. Zinaeleza aseme lini, aonyeshe nini, adhabu yake ni ipi akinyamaza. Ukizisoma ukitafuta askari anatakiwa kufanya nini baada ya kuambiwa, hukuti kitu. Dereva ana sheria, askari ana busara yake.

Baada ya kisa hiki wakufunzi walibadilisha masomo yao. Usianze na neno "silaha," walisema. Anza na kibali: "Afande, nina kibali cha kubeba silaha na leo nimeibeba. Ungependa nifanye nini?" Washa taa ya ndani, teremsha kioo, mikono juu ya usukani, kibali na leseni viwe tayari kabla askari hajafika. Ni ushauri mzuri na ningempa ndugu yangu yeyote. Ila tuone kilichotokea: kazi ya kuzuia mauaji imehamishiwa kwa yule ambaye hakufunzwa, hana redio, hana mwenzake upande wa pili, na ndiye anayeelekezewa mtutu.

Mama yake, Valerie Castile, alisimulia kwa waandishi jinsi dada wa marehemu, naye mwenye kibali, alivyosema siku ile ile kwamba hapendi kubeba bastola yake, kwa hofu kwamba polisi watampiga risasi kwanza na kumuuliza maswali baadaye. Hofu hiyo ina historia yake. Haki ya kubeba silaha hunadiwa Marekani kama haki ya kila raia, lakini dereva mweusi akisema ana silaha, kibali chake huwa hakisikiki kwa sauti ile ile. Gavana wa wakati huo, Mark Dayton, alisema hadharani siku iliyofuata kwamba haamini jambo hili lingetokea kama waliokuwemo garini wangekuwa weupe. Chama kikubwa cha wenye bunduki, NRA, kwa kawaida chepesi kumtetea mwenye kibali anayeonewa na serikali, kilitoa tamko siku mbili baada ya tukio, kikasema taarifa za Minnesota zinatia wasiwasi na zichunguzwe. Jina la Castile halikutajwa humo.

Mahakamani

Mnamo Novemba 2016 mwanasheria wa kaunti ya Ramsey, John Choi, alimfungulia Yanez mashtaka ya kuua bila kukusudia kwa ngazi ya pili, pamoja na makosa mawili ya kufyatua silaha kwa namna ya hatari, moja kwa ajili ya Reynolds na moja kwa ajili ya mtoto. Choi alisema hakuna askari mwenye busara, kwa kujua, kuona na kusikia alichokijua Yanez, ambaye angetumia nguvu ya kuua.

Utetezi ulijengwa juu ya hofu na bangi. Yanez alieleza kwamba alisikia harufu ya bangi garini, na siku moja baada ya tukio aliwaambia wachunguzi kwamba mtu anayethubutu kuvuta mbele ya mtoto mdogo hawezi kumjali yeye. Chembechembe za bangi zilikutwa katika damu ya Castile. Kwa hoja hiyo, mawakili walisema dereva alikuwa amelewa, hakufuata maelekezo, akasababisha kifo chake mwenyewe. Wakaongeza kwamba sheria ya shirikisho inamkataza mtumiaji wa bangi kumiliki bunduki, kwa hiyo hata uhalali wa silaha yake una walakini.

Hoja hii ya mwisho naiona dhaifu kuliko zote. Yanez hakujua lolote kuhusu fomu ambazo Castile aliwahi kujaza ili kupata silaha. Uhalali wa silaha haukuwa sababu ya kupiga risasi, na uharamu wake nao usingekuwa sababu. Ile ya harufu ni nzito kidogo, kwa maana inatuonyesha jinsi askari alivyokuwa anakusanya dalili kichwani: pua, harufu, mtoto, silaha. Kila kilichoongezwa kiliegemea kile cha kwanza, na cha kwanza kilikuwa batili.

Upande wa mashtaka ulikuwa na jambo moja la kimwili ambalo bado linanishika. Risasi moja ilimjeruhi Castile kidole ambacho angebonyezea bastola, lakini sehemu ya mfuko wenye silaha haikuwa na tundu la risasi wala jeraha lolote chini yake. Maana yake, walisema waendesha mashtaka, mkono haukuwa mfukoni risasi ilipoupata.

Jopo la raia 12, wawili wao weusi, lilijadiliana kwa siku tano. Tarehe 16 Juni 2017 likamkuta Yanez hana hatia kwa makosa yote matatu.

Wengi walishangaa, waliosoma maelekezo ya hakimu walishangaa kidogo. Mashtaka ya kuua kwa ngazi hiyo yanahitaji uzembe wa hali ya juu: mtu ajue kwamba anaweka uhai wa mwingine hatarini pasipo sababu, na aendelee hivyo hivyo. Juu ya hapo, kesi ya Graham dhidi ya Connor ya mwaka 1989 inataka nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, na si kwa hekima ya baadaye. Ukiweka hayo pamoja, swali linabanwa kwenye sekunde mbili za mwisho: je, wakati anabonyeza, askari huyu aliyeogopa angeweza kuamini kwamba bastola inatoka? Ukiuliza hivyo, mashaka yanapatikana. Ukiuliza nani alitengeneza hali ambayo mkono wa dereva mwenye silaha uko mfukoni kwa amri ya askari, jibu halina mashaka, ila swali hilo halikuwa mbele ya jopo.

Siamini kwamba Yanez alitoka nyumbani akiwa na nia ya kuua. Sauti yake kwenye video ni ya mtu aliyepotewa na akili. Lakini hofu ya askari hufundishwa kama ujuzi mwingine wowote. Mwaka 2014 alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili ya aina inayomfunza polisi kujiona mpiganaji aliyezungukwa na watu wanaoweza kumuua muda wowote. Saa alizofunzwa kutuliza hali zilikuwa chache mno ukilinganisha. Mwaka 2019 meya wa Minneapolis, Jacob Frey, alipiga marufuku mafunzo ya namna hiyo kwa askari wa jiji lake.

Kilichobadilika

Fedha zilitoka haraka kuliko sheria. Mama wa Castile alikubaliana na mji wa St. Anthony fidia ya dola milioni 2.995. Reynolds alipata dola 800,000. Yanez aliondoka polisi kwa makubaliano yaliyompa dola 48,500 pamoja na malipo ya muda aliokuwa anadai.

Mwaka 2020, baada ya kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi, Minnesota iliandika upya sheria yake ya nguvu ya kuua. Sasa askari anatakiwa aweze kueleza tishio kwa mahsusi, aonyeshe kwamba lingetokea kama asingechukua hatua, na kwamba lilipaswa kukabiliwa bila kukawia. Na mwaka 2021 ofisi ya Choi ilitangaza kwamba haitaendesha kesi zinazotokana na kusimamishwa kwa makosa madogo yasiyohusu usalama, kama taa mbovu au stika iliyoisha muda. Kwa maoni yangu hilo limegusa mzizi kuliko mafunzo yote: gari lisiposimamishwa kwa kisingizio, ukaguzi wa aina mbili haupo.

Mwongozo wa madereva wa jimbo uliongezewa maelekezo kwa anayesimamishwa akiwa na silaha. Valerie Castile naye alisaidia kusambaza kipochi chenye upande unaoonyesha ndani, kiitwacho Not Reaching, ambacho dereva hukitundika kwenye tundu la hewa la dashibodi kikiwa na leseni na bima. Askari akifika, kila kitu kiko mbele ya macho yake na hakuna mkono unaoshuka. Ni kitu cha bei ndogo na kinafanya kazi ambayo amri ya Yanez haikufanya.

Swali la zile sekunde za nyuma lilifika Mahakama Kuu kupitia kisa kingine, cha dereva wa Texas aliyesimamishwa mwaka 2016 huo huo kwa madeni ya ushuru wa barabara na kuuawa na askari aliyerukia gari lake likiwa linaondoka. Katika hukumu ya Barnes dhidi ya Felix ya Mei 2025, majaji wote walikubaliana kwamba mahakama haiwezi kutazama tu kile kipande kifupi cha muda ambacho tishio lilionekana. Lazima itazame mazingira yote yaliyotangulia. Ni kesi ya madai, si ya jinai, na isingebadilisha hukumu ya Yanez. Majaji waliacha bila kujibu jambo moja: kama askari aliyeitengeneza hatari mwenyewe anaweza kulaumiwa kwa kuitengeneza. Mahakama za chini ndizo zinazoendelea kulipigania hilo, kesi moja baada ya nyingine.